Kitu Kinachofunguka: Mhadhara juu ya Samani za Zamani na Mashine za Santuri



Watu husema ya kale ni dhahabu. Mimi nakubali kwa masharti, kwa sababu mengi ya kale ni kuni. Liko kabati la chipbodi lililobandikwa karatasi yenye michoro ya mbao. Likiingia maji huvimba, na likishavimba halina fundi. Iko redio-kaseti ya plastiki ambayo gia yake ikipasuka huwezi kupata nyingine wala pa kuichongesha. Vitu hivyo vinaweza kutimiza miaka hamsini na visimfae mtu yeyote. Umri peke yake haujapata kukipa kitu thamani.

Hoja ninayoileta kwenu jioni hii ni moja. Samani au chombo cha muziki cha zamani kinastahili fedha zako na nafasi nyumbani mwako pale ambapo fundi anaweza kukifungua, akaona kilivyoungwa, akabadilisha kilichochakaa, kisha akakifunga na wewe ukaendelea kukitumia. Ukishika kipimo hicho utajua cha kununua na cha kuacha. Utajua pia namna ya kukifurahia, maana starehe kubwa ya vitu hivi ni kuvitumia kila siku vikiwa vizima.

Radiogramu

Chombo kinachokusanya mada yangu yote mahali pamoja ni radiogramu. Wengi wenu mmeiona sebuleni kwa mzee fulani, imetandikwa kitambaa cha kufuma na kupangwa picha za harusi juu yake, wageni wakidhani ni kabati la vyombo. Ni sanduku refu la mbao lenye miguu minne iliyochongoka, kitambaa kigumu mbele ya spika, na mfuniko juu. Ukiinua mfuniko unakuta mashine ya santuri, mara nyingi ya Garrard au BSR za Uingereza, yenye kigingi kirefu katikati kinachobeba santuri kadhaa na kuziangusha moja baada ya nyingine. Kando yake kuna redio ya valvu, na kioo chake kimeandikwa majina ya miji ya ulimwengu. Grundig ya Ujerumani, pamoja na HMV na Pye za Uingereza, ni miongoni mwa chapa zilizojaza sebule za miaka ya 1950 na 1960.

Sasa izungukeni muione mgongo. Kuna ubao mwembamba wenye matundu ya kutolea joto, umeshikwa kwa skrubu. Toa skrubu, ubao unatoka, na mambo yote yako wazi. Valvu zimesimama kwenye soketi zake. Fundi huivuta moja kwa mkono na kuirudisha. Kioo cha valvu kimepigwa chapa ya jina, labda EL84 au ECC83, na valvu za majina hayo zinatengenezwa mpaka leo. Nyaya zimelehemiwa moja moja, kwa ukubwa ambao jicho linaufuata bila darubini. Katika nyingi, ndani ya sanduku imebandikwa karatasi inayoonyesha kila valvu inakaa wapi. Karatasi hiyo haimsaidii mnunuzi kusikiliza muziki. Kiwanda kilimwandikia fundi, kikijua kwamba siku moja ataitwa.

Mbao nazo zina kazi yake. Sanduku la radiogramu ni samani, na papo hapo ni sehemu ya spika. Kiungo kimoja kikilegea, ubao hutetema kila besi inapopiga, na mwenye nyumba atasema spika imepasuka. Dawa ya ugonjwa huo ni gundi na kibanio, wala si spika mpya. Ndiyo maana kwa radiogramu seremala na fundi redio wanahitajiana, na mwenye kutaka kuifufua awaite wote wawili.

Sauti ilivyotoka kabatini

Historia ya santuri inatuhusu kwa karibu. Mwaka 1928 kampuni ya HMV ilimpeleka mwimbaji Siti binti Saad na wenzake kutoka Unguja mpaka Bombay kurekodi nyimbo zao. Santuri zilizotoka zilizunguka mara 78 kwa dakika, na zilitengenezwa kwa unga wa mawe uliogandishwa kwa shelaki, yaani utomvu unaoachwa na vidudu vidogo kwenye matawi ya miti huko India. Shelaki hiyohiyo, ikiyeyushwa katika spiriti, ndiyo polishi iliyong'arisha samani nyingi za fahari za zama zile. Hapo tunapata onyo moja linalotumika mara mbili: usisafishe santuri ya 78 kwa spiriti, wala usipanguse kwa spiriti meza iliyopigwa polishi ya shelaki. Utaharibu vyote.

Mwaka 1948 Columbia ya Marekani ilitoa santuri ndefu ya vinili inayozunguka mara 33 na theluthi kwa dakika. Mwaka uliofuata RCA Victor ikatoa ile ndogo ya 45. Sauti ya stirio, ambayo mhandisi Alan Blumlein wa EMI aliiombea hataza mwaka 1931, iliingia katika santuri za madukani mnamo 1958. Radiogramu zikarefushwa ili spika mbili ziweze kuachana.

Kabla ya hapo, mwaka 1956, Braun ya Ujerumani ilikuwa imekwisha kuonyesha njia nyingine. Hans Gugelot na Dieter Rams walibuni SK 4, chombo cha chuma cheupe chenye mbao pembeni na mfuniko wa plastiki angavu. Badala ya kuificha mashine ndani ya kabati, waliiacha ionekane. Tangu hapo sauti ilianza kutoka kabatini. Mashine ya santuri ikawa kitu cha peke yake, amplifaya kitu cha peke yake, na spika zikapata masanduku yake. Mwaka 1972 Wajapani wa Matsushita, kwa chapa ya Technics, walitoa mashine ya SL-1200, ambayo mota yake inazungusha sinia la santuri moja kwa moja bila mkanda. Muundo huo uliuzwa, kwa marekebisho, mpaka 2010, na ukarudishwa sokoni 2016 kwa sababu watu hawakuacha kuutaka. Risiva, yaani redio na amplifaya katika sanduku moja, za Pioneer, Sansui na Marantz za miaka ya 1970 zilibaki na vitasa vya chuma na mara nyingi ganda la mbao, na zinafunguka kwa bisibisi moja.

Kwetu Afrika Mashariki muziki wa miaka hiyo ulipita Nairobi. Viwanda vya kufyatua santuri vilikuwa huko, na bendi za Tanzania zilivuka mpaka kwenda kurekodi. Santuri nyingi zilikuwa za 45, ambazo upande mmoja unachukua dakika chache tu. Wimbo wa dansi ukagawanywa sehemu mbili: upande wa kwanza waimbaji wanasimulia kisa, upande wa pili magitaa yanachukua uwanja. Wanaotusikilizisha nyimbo zile kutoka kwenye simu wakati mwingine hutupatia upande wa kwanza pekee, na hivyo wanatunyima nusu ya dansi.

Kuisoma mbao

Hapa mezani nimeweka droo ya dawati la mninga. Sikuleta dawati zima kwa sababu droo inatosha. Mchuuzi anaweza kuupaka uso wa kabati rangi ya uzee ndani ya saa moja, lakini ni nadra kujisumbua kuzeesha droo ndani, chini na nyuma. Basi mnunuzi aanzie huko.

Angalieni pembe hii. Ubao wa mbele na wa ubavuni umeungwa kwa meno yaliyopanuka nchani, yameshikana yenyewe kwa yenyewe, hata droo ikivutwa miaka na miaka isiachane. Meno haya hayalingani: hili nene, hili jembamba kidogo. Kwenye shina la meno kuna mstari mwembamba uliokwaruzwa. Fundi aliuchora kabla ya kukata, na hakuona haja ya kuufuta. Meno yaliyokatwa na mashine hulingana yote. Sasa naigeuza chini juu. Ubao wa chini haukupigwa msasa. Kidole kikipita kinahisi mawimbi madogo ya randa. Umechomekwa ndani ya mfuo bila gundi, ili masika unyevu ukizidi utanuke bila kupasua kitu. Kingo za ubavu zimelika kwa kusuguana na reli. Zisugueni kwa mshumaa, droo itateleza tena.

Dalili nyingine iko kwenye meza za duara. Mbao ikikauka hupungua upana, urefu wake haupungui kiasi cha kuonekana. Kwa hiyo meza ya duara ya mbao nzima iliyokaa miaka mingi haibaki duara kamili. Chukua futi, pima kwa kufuata nyuzi za mbao, kisha pima kwa kuzikatisha. Kipimo cha pili kikiwa pungufu kidogo, meza inasema kweli. Vikiwa sawasawa hata kwa milimita, na muuzaji anaapa kwamba ni ya karne iliyopita, mshukuru na uende zako.

Kwa makasha ya Unguja tahadhari iongezeke. Makasha ya msaji na ya shishamu, yenye bamba na misumari ya shaba, yaliletwa kwa majahazi kutoka pwani za India na Ghuba, na mengine yalitengenezwa hapahapa. Leo yanatengenezwa mapya kwa ajili ya watalii. Hiyo ni kazi halali maadamu yanauzwa kama mapya. Ili kutofautisha, inua mfuniko utazame bawaba: katika kasha la zamani mbao inayozunguka chuma imebadilika rangi, na shaba imelika pale mikono ilipozoea kushika. Kisha lilaze ubavu uone tako lake. Uchakavu wa kweli huwa mahali penye sababu.

Samani za pwani zilibuniwa na watu waliojua kwamba vitu vinachakaa. Kitanda cha kamba kina matendegu manne, mifumbati miwili na vitakizo viwili, na vyote vinachomoka. Kamba zikilegea kinawambwa upya. Mfumbati ukivunjika unachongwa mwingine. Kiti cha enzi cha Lamu, cha mpingo kilichopambwa vipande vya pembe au mfupa, kina mgongo na kikalio cha nyuzi zilizofumwa, na nyuzi hufumika tena. Mgeni anayenunua kiti hicho na kukiweka nyuma ya kamba ya "usiguse" hajakielewa.

Ukishapata samani nzuri, usikimbilie msasa. Rangi ya mninga au mvule iliyokomaa kwa miongo haipatikani dukani, na msasa wa dakika kumi unaiondoa yote. Anza na kitambaa chenye maji kidogo na sabuni laini, kausha, kisha paka nta ya nyuki. Kama unataka kujua polishi ni ipi, tia tone la spiriti mahali pasipoonekana, nyuma ya mguu kwa mfano: ikinata, ni shelaki, na fundi anaweza kuipaka upya bila kuikwangua. Ukiona matundu madogo yenye unga mpya chini yake, wadudu wangali kazini. Samani hiyo isiingie ndani mpaka itiwe dawa, maana wataihamia na milango yako.

Umeme, kasi na sindano

Kwa vyombo vya muziki, sharti la kwanza ni la usalama. Chombo ambacho hakijawashwa kwa miaka kisichomekwe ukutani "tuone kama kinafanya kazi". Kapasita zake zimekauka, na mpira uliovika nyaya umepasukapasuka. Amplifaya ya valvu ina umeme wa volti 250 na zaidi ndani, na kapasita huweza kuushikilia hata baada ya plagi kutolewa. Baadhi ya redio za zamani hazina transfoma ya kutenga umeme, hivyo chuma chake cha ndani kimeungwa moja kwa moja na waya wa ukutani. Kazi hii ni ya fundi.

Fundi mzuri utamjua kwa taa ya mfululizo. Huchukua balbu ya waya ya wati 60 au 100 na kuiunga ili umeme upite kwanza kwenye balbu ndipo uingie kwenye chombo. Balbu ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, ndani kuna shoti, na chombo hakijaungua kwa sababu balbu imekizuia umeme. Ikiwaka kisha ikafifia, njia ni salama na uchunguzi unaendelea. Kifaa hiki cha gharama ndogo kimeokoa transfoma nyingi.

Jambo la pili ni umeme wa nchi kilikotoka chombo. Japani hutumia volti 100, Marekani 120. Sisi hapa ni 230 au 240. Sahani ndogo ya maandishi mgongoni mwa chombo itakuambia. Chombo cha volti 100 kinahitaji transfoma ya kushusha umeme, na ukisahau mara moja tu umekipoteza. Lakini transfoma haibadilishi kasi ya mapigo ya umeme. Umeme wa Marekani hupiga mara 60 kwa sekunde, wetu mara 50. Mashine ya santuri ya mkanda ambayo mota yake inafuata mapigo hayo, ikiletwa hapa bila kubadilishiwa puli, itazungusha santuri ndefu chini ya mara 28 kwa dakika badala ya 33 na theluthi. Mwimbaji wa sauti nyembamba atasikika mzito na amechoka, na msikilizaji atailaumu santuri.

Kasi inapimika bila mitambo mikubwa. Kuna karatasi ya duara iliyochorwa mistari 180 pembeni; huwekwa juu ya sinia na kumulikwa kwa taa ndogo ya neoni. Katika umeme wa mapigo 50 taa hiyo humweka mara 100 kwa sekunde. Sinia likienda mara 33 na theluthi kwa dakika, kila taa inapomweka mstari mmoja unakuwa umechukua nafasi ya mwenzake, na jicho linaona mistari imesimama tuli. Ikitembea mbele, kasi imezidi. Ikirudi nyuma, imepungua. Karatasi ya umeme wa mapigo 60 ina mistari 216, basi hakikisha umeshika iliyo yako.

La tatu ni sindano. Mfereji wa santuri ya 78 ni mpana, na sindano yake ina ncha ya mikroni 65 hadi 75 hivi. Ya santuri ndefu ni karibu mikroni 18. Ukitumia ndogo kwenye 78 itaburura chini ya mfereji na kukupa mikwaruzo mitupu. Ukitumia kubwa kwenye vinili unaikata santuri. Mashine nyingi za radiogramu zina kitufe cha kugeuza sindano, upande mmoja 78 na mwingine LP, yaani santuri ndefu, na watu wengi hawajui kipo. Mashine za baadaye zina uzani nyuma ya mkono wa kurekebisha uzito wa sindano. Nyingi hutaka gramu moja na nusu hadi mbili na nusu, lakini fuata maelezo ya kichwa chenyewe kinachobeba sindano. Anayebandika sarafu juu ya mkono ili sindano isiruke anaisaga santuri yake kwa mkono wake mwenyewe.

La nne ni kujua ugonjwa upi wa kuogopa. Kitasa cha sauti kinachokwaruza kinatisha wauzaji, nacho mara nyingi kina vumbi tu. Dawa ya kusafishia na kukizungusha mara kadhaa vinamaliza. Mkanda uliolegea hubadilishwa. Ukingo wa sponji wa spika, uliobomoka kwa joto na unyevu wa pwani, hubandikwa mpya na spika ikarudi kazini. Lakini transfoma iliyoungua, mkono wa santuri uliopotewa na vipande, na mota iliyokwama ya muundo usio na vipuri ni sababu za kuacha, hata bei ikiwa ya kutupa. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi.

Pa kutafuta, na adabu ya kununua

Vitu hivi viko wapi? Maduka ya vitu vya kale yapo Mji Mkongwe, kuanzia Hurumzi mpaka mtaa wa Gizenga. Nairobi kuna santuri Kenyatta Market, na duka la Melodica mtaa wa Tom Mboya. Minada ya watu wanaohama hutoa dawati, meza na spika kwa pamoja. Karakana za mafundi redio wazee zina rafu ya vyombo ambavyo wenyewe hawakurudi kuvichukua. Masoko ya mitumba hupokea makontena kutoka Ulaya, Japani na Ghuba. Nenda asubuhi, nenda na tochi ndogo, bisibisi, futi na santuri moja unayoijua vizuri, usiyoionea uchungu.

Hata hivyo, vilivyo bora viko majumbani, na huko hakuingiwi kwa pupa. Unabisha hodi, unaamkia. "Shikamoo bibi." "Marahaba mjukuu wangu, karibu." Unakaa. Unauliza habari za lile kabati: nani alilinunua, lilikuja na meli au lilichongwa mtaani, santuri gani zilipigwa siku ya arusi ya mwanawe wa kwanza. Bei inakuja mwisho, na huenda isije kabisa. Bibi akisema haliuzwi, usirudi kesho na wajukuu wenye njaa ya fedha ili wamshinikize. Na akiuza, mwambie thamani ya kweli. Kumpa mzee bei ya kuni kwa kasha la msaji ni dhuluma, hata akiridhika.

Sheria nayo ina lake. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya 1964 na Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya Kenya ya 2006 zinalinda vitu vya kale, ikiwemo milango ya zamani iliyonakshiwa, na kuvitoa nje ya nchi kunahitaji kibali. Pembe za ndovu zimewekewa marufuku ya biashara ya kimataifa tangu uamuzi wa mataifa wa 1989. Kwa hiyo kiti kilichopambwa pembe kinaweza kukaa sebuleni kwa mwenyewe, lakini hakiruhusiwi kupanda ndege bila kibali. Mimi naziunga mkono sheria hizo kwa moyo wote. Mlango wa Lamu una maana zaidi ukibaki katika ukuta wa Lamu, mtu akiufungua na kuufunga.

Kutumia ndiko kutunza

Ndugu wasikilizaji, kitu cha mbao kinachoguswa kila siku hupanguswa, hufunguliwa madirisha, huonwa mapema kikianza kulika. Kapasita zinazopitiwa na umeme mara kwa mara hudumu kuliko zinazolala. Kwa hiyo andikieni barua kwenye dawati hilo. Wekeni nguo ndani ya kasha. Laleni juu ya kitanda cha kamba.

Na sikilizeni santuri. Zipangeni zikiwa zimesimama wima, mbali na jua la dirishani, na zile za vinili zioshwe kwa maji yaliyochujwa na tone la sabuni. Kama una spika mbili, ziinue kutoka sakafuni, zitoe kwenye pembe za chumba, nawe ukae mbele yake kwa umbali unaolingana na nafasi iliyo kati yake. Kama una radiogramu ya spika moja, usione haya. Santuri nyingi za Afrika Mashariki za miaka ya 1960 zilirekodiwa kwa sauti ya mono, na radiogramu ya mono inazipiga kama zilivyokusudiwa. Weka upande wa kwanza, msikilize mwimbaji. Ukiisha, inuka uigeuze, maana magitaa yako upande wa pili. Kule kuinuka ni sehemu ya kusikiliza: kunakulazimisha kuamua kwamba unautaka muziki uendelee.

Wito

Vitu hivi vimedumu kwa sababu kulikuwa na watu waliojua kuvifungua, na watu hao wanapungua. Fundi wa valvu akifariki bila mwanafunzi, radiogramu zote za mtaa wake zinakuwa kuni siku hiyohiyo. Mbao zinaweza kungoja, ujuzi haungoji.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Wazee mlio na vitu hivi, waonyesheni wajukuu namna vinavyofanya kazi kabla hamjaamua kuviuza au kuvigawa. Wanunuzi, mlipeni fundi kwa ujuzi wake, wala msimpunje kwa kuwa kazi imemchukua nusu saa. Nusu saa hiyo ameisomea miaka. Kila anapomaliza, mwombeni aandike tarehe na alichobadilisha, mbandike karatasi hiyo ndani ya sanduku, ili atakayefungua baadaye aikute. Na ninyi mafundi, kila mmoja wenu achukue kijana mmoja, msichana au mvulana, ampe bisibisi na amfundishe. Kati ya haya matatu, la mafundi ndilo lisilostahimili kucheleweshwa.